Kalunguyeye na Vidirisha vya Kiboko

Paukwa!

*Pakawa!*

Hadithi inabisha hodi!

*Iambie karibu!*

Hamjaiuliza ni nani!

*Iingie tu, iingie!*

Haya, mmeikaribisha wenyewe. Aliye nyuma asogee mbele, anayekula ubuyu ateme kokwa kwanza. Na mahali nitakapouliza, "Ni haki?", mnijibu kwa sauti moja, "Si haki!" Tujaribu. Ni haki?

*Si haki!*

Vizuri. Hadithi imeingia, imevua viatu, imekaa.

Hapo zamani, lakini si zamani sana, maana umeme ulikuwa umekwisha kufika, palikuwa na kijiji cha wanyama kilichoitwa Majanimapana. Katika kijiji hicho aliishi Bi Kanga na binti yake mmoja tu, Kidoadoa.

Bi Kanga alikuwa na adabu. Ukibisha hodi kwake, neno halijatoka lote mdomoni, umeshajibiwa: "Karibu! Karibu ndani! Karibu kiti! Karibu maji!" Hakuuliza ni nani. Hakuuliza ana shida gani. Mama yake alimlea hivyo, na bibi yake alimlea mama yake hivyo.

"Mgeni amesimama mlangoni, mimi nianze kumhoji kama askari?" alisema Bi Kanga. "Aibu hiyo!"

Jirani yake alikuwa Kalunguyeye, yule mdogo mwenye miiba mgongoni. Ukimgusa anajikunja, buu, anakuwa mpira. Kalunguyeye naye aliijibu hodi, lakini kwa namna yake. Ukibisha kwake, sauti ilitoka ndani ikiuliza: "Nani wewe, na una shida gani?" Ukijieleza vizuri, ulifunguliwa. Usipojieleza, ulibaki nje na shida yako. Kwa ajili hiyo kijiji kizima kilimsema.

"Kalunguyeye hana adabu," walisema. "Hata moyo wake una miiba."

Sasa sikilizeni. Bi Kanga alikuwa na kompyuta. Ilikaa sebuleni juu ya meza, imefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma chenye maua pembeni, na hakuna aliyeigusa kabla ya kunawa makucha. Siku moja aliiwasha ili atazame hali ya hewa, kwa sababu mtama wake ulikuwa umeanikwa nje na mawingu yalikuwa yanakusanyika. Kabla hajaona wingu wala jua, kidirisha kidogo kikajitokeza kwenye kioo. Puu!

Kidirisha kilikuwa na maneno haya: "Hodi! Naomba ruhusa ya kukuletea habari njema." Chini yake palikuwa na vitufe viwili. Kimoja kiliandikwa RUHUSU. Kingine kiliandikwa ZUIA.

"Jamani!" alisema Bi Kanga. "Kumbe hata kompyuta inatembelewa na wageni! Tena huyu amebisha hodi, mwenye adabu zake. Nimzuie? Nimfungie mlango usoni?"

Akanyoosha mdomo. To! Akabonyeza RUHUSU.

Kesho yake kikaja kingine. "Hodi!" To! RUHUSU. Keshokutwa vikaja vitatu. To! To! To! RUHUSU, RUHUSU, RUHUSU. Mtama ukanyeshewa, lakini adabu haikupungua.

Na wageni hao, wakishaingia mara moja, hawakubisha hodi tena. Waliingia walipotaka. Waliingia mama anapopika, waliingia mtoto anaposoma.

Puu! "Viatu kwa nyoka! Nunua kimoja, cha pili bure!"

Puu! "Mafuta ya kuotesha manyoya kwa kobe!"

Puu! "Hongera! Wewe ndiye kanga wa milioni moja! Umeshinda ng'ombe!"

Puu! "Hatari! Kompyuta yako ina mchwa elfu tatu! Bonyeza hapa haraka!"

Hilo la mchwa Bi Kanga alilisoma mara mbili. "Mchwa? Elfu tatu? Wako wapi?" Akachungulia nyuma ya kompyuta. Akachungulia chini ya kitambaa. Kidoadoa akaja mbio na bakuli. Hapakuwa na mchwa hata mmoja. Siku hiyo mama na mtoto walikuwa hawajala kitu tangu asubuhi, na mtu asiyewajua akawaambia wana mchwa elfu tatu nyumbani. Ni haki?

*Si haki!*

Nani aliyekuwa akiyatuma hayo? Alikuwa Kiboko. Siku hizo Kiboko alikaa nchi kavu, katika nyumba kubwa ya matofali ukingoni mwa mto. Kazi yake ilikuwa kutangaza. Kila mwenye kitu cha kuuza alimpelekea mzigo wa majani mabichi, naye Kiboko alilisukuma tangazo lake katika kila nyumba iliyowahi kubonyeza RUHUSU. Mdomo wake haukukaa bila majani, na kwa mdomo huo uliojaa aliwauliza wateja maswali matatu tu:

"Tangazo lako linapiga kelele?"

"Linapiga."

"Linametameta?"

"Linametameta."

"Linaziba ukurasa wote?"

"Wote."

"Lete!"

Hakuuliza kama ni la kweli. Hakulisoma. "Mimi sisomi," alisema Kiboko. "Mimi natangaza."

Hayo yote Bi Kanga aliyavumilia. Lakini ikaja fomu ya Kidoadoa.

Ng'ambo ya mto ilikuwa imefunguliwa shule. Kidoadoa aliitamani sana. Mama yake alimshonea mkoba wa kitambaa, na tangu uliposhonwa hakuuvua, alilala nao. Ila fomu ya kujiunga ilijazwa kwenye kompyuta tu, na mwisho wake ulikuwa Ijumaa saa sita mchana, kengele ya shule itakapolia. Baada ya kengele, hadi mwaka mwingine.

"Mama, mwaka mwingine ni mbali?" aliuliza Kidoadoa.

"Ni mbali, mwanangu."

"Kuliko mto?"

"Kuliko mto."

Jumatatu Bi Kanga alinawa makucha, akaifungua fomu. Fomu iliuliza jina la mtoto, jina la mzazi, tarehe ya kuanguliwa na idadi ya madoa. Akamsimamisha Kidoadoa dirishani penye mwanga, akamgeuza, akahesabu madoa yote: mia moja na kumi na mawili. Akaandika. To, to, to. Kikabaki kitufe kimoja tu, cha TUMA.

Puu! "Viatu kwa nyoka!"

Kiatu kikaiziba fomu yote. Bi Kanga aliona pembeni mwa kiatu ile alama ndogo ya kufungia, yenye vijiti viwili vilivyopishana, akaibonyeza. Puu! Puu! Vikaja viatu viwili. Alama ile haikuwa alama. Ilikuwa picha ya alama. Mtu mzima alikaa kitako, akachukua rangi, akachora mlango wa kutokea mahali pasipo na mlango, akijua kabisa kwamba kanga wa watu atakwenda kuugonga kwa mdomo wake. Ni haki?

*Si haki!*

Bi Kanga aliporudi kwenye fomu, ilikuwa tupu.

Jumatano akaanza upya. Akamsimamisha mtoto dirishani, akamgeuza, akahesabu: mia moja na kumi na manne, maana mawili yalikuwa yameota. To, to, to. Kikabaki kitufe cha TUMA.

Puu! "Hongera! Wewe ndiye kanga wa milioni moja!"

Fomu ikawa tupu.

Ijumaa saa tatu asubuhi akaanza upya tena. Safari hii vidirisha havikungoja hata afike kwenye madoa. Puu! Puu! Puu! Bi Kanga akaweka mabawa kichwani, akalia kwa sauti. Kidoadoa alikuwa amesimama dirishani, mkoba mgongoni, anangoja kuhesabiwa.

Kilio kikavuka ua. Kalunguyeye akakisikia, akaja. Kidi, kidi, kidi.

"Hodi hapa!"

"Karibu, karibu ndani, karibu kiti," alijibu Bi Kanga katikati ya machozi.

"Mama Kidoa, kuna msiba?"

"Afadhali msiba, jirani, ningejua pa kulilia. Tazama mwenyewe!"

Kalunguyeye akatazama kompyuta. Viatu, mafuta, ng'ombe, mchwa, vyote vimepandana. "Hawa ni kina nani?"

"Wageni."

"Uliwakaribisha wewe?"

"Walibisha hodi!"

"Wakasema ni nani?"

Bi Kanga akapangusa machozi kwa bawa.

"Wakasema wana shida gani?"

Bi Kanga akatazama chini.

Miiba yote ya Kalunguyeye ikasimama. "Mgeni anaingia na viatu vyake, anapanda juu ya meza, anakaa juu ya fomu ya mtoto, na ukimwonyesha mlango anaita mwenzake! Huyo mgeni gani? Hayo hata mimi nisiye na adabu siwezi kumfanyia mtu!"

"Basi nitolee, dada yangu. Saa sita inafika."

"Kuwatoa sijui, mimi kwangu nina redio tu. Lakini aliyewaingiza anajua pa kuwatolea. Nakwenda kwake."

"Kwa Kiboko? Atakukanyaga!"

"Na anikanyage," alisema Kalunguyeye. "Tuone nani ataruka."

Akapita bustanini kwake, akachuma matembele, yale majani laini ya viazi vitamu, akajaza kikapu, akajitwika. Kidi, kidi, kidi, mpaka ukingoni mwa mto.

"Hodi!"

"Ingia!" Kiboko aliitikia bila kugeuka.

"Shikamoo, Bwana Kiboko."

"Marahaba, kitunguu cha miiba. Umeleta nini?"

"Matembele. Na nina tangazo langu dogo."

"Matembele kwanza!" Kiboko akafungua mdomo. Nyafu! Nusu ya kikapu ikaenda.

Kiboko alipokuwa anatafuna, Kalunguyeye aliitazama kompyuta yake. Ilikuwa kubwa kama mlango. Akangoja isikike puu. Hakusikia. Akangoja tena. Kimya. Hapakuwa na kiatu. Hapakuwa na hongera. Kioo kilikuwa kimetulia kama maji ya mtungini. Huyu aliyepeleka makelele katika kila nyumba ya Majanimapana, kwake mwenyewe palikuwa kimya kabisa, anakula raha mustarehe. Ni haki?

*Si haki!*

Miiba ya Kalunguyeye ilitaka kusimama. Akailaza kwa nguvu, mmoja mmoja, akajifanya mjinga.

"Masikini, Bwana Kiboko! Pole sana."

"Pole ya nini?"

"Kompyuta yako ni mbovu."

"Mbovu!" Kiboko aliacha kutafuna.

"Ndiyo. Kwetu kote zinaonyesha viatu vya nyoka. Yako haionyeshi hata kamba ya kiatu. Usione haya, zinazeeka kama sisi. Hata ya Bi Kanga inaishinda."

"Ho! ho! ho!" Kiboko alicheka mpaka matofali yakatikisika. "Ama kweli wewe kitunguu! Mimi nile majani yangu huku napigiwa kelele? Mimi ni mjinga? Matangazo ni ya kwenu! Sogea uone."

Akaweka kidole chake kinene juu ya kioo. "Hapa pembeni, juu, kuna vinukta vitatu. Bonyeza. Ingia Mipangilio. Tafuta Arifa. Unaiona orodha? Hawa wote ni wale ulioruhusu waingie. Kila jina, ondoa. Ondoa, ondoa, ondoa. Halafu hapa chini, Vidirisha: zuia. Basi. Kazi ya kumeza tonge moja."

"Tonge moja tu?"

"Tonge moja!"

"Na kijijini hawajui?"

"Nani awaambie? Wao wakisikia hodi wanabonyeza RUHUSU. Wana adabu! Ho! ho! ho! Wana adabu!"

Kalunguyeye hakucheka. Alimfikiria Bi Kanga na kitambaa chake cheupe cha kufuma. Alimfikiria mtoto aliyesimama dirishani. Akasema polepole, kama anayekariri: "Vinukta vitatu. Mipangilio. Arifa. Ondoa, ondoa, ondoa. Vidirisha, zuia. Mambo mengi hayo, Bwana Kiboko."

"Yasahau, yatakuchosha. Tangazo lako la nini?"

"La dawa ya kero."

"Linapiga kelele?"

"Linapiga pee-pee-pee."

"Linametameta?"

"Kama radi."

"Linaziba ukurasa wote?"

"Wote. Hata siafu hapati pa kupita."

"Lete!"

"Niandike mwenyewe? Vidole vyako vimejaa matembele."

"Andika, andika." Nyafu!

Kalunguyeye akapanda juu ya kiti, akasimama kwenye kibodi, akaandika kwa miguu yote minne. Alipomaliza alisema, "Nimemaliza, Bwana Kiboko. Lisome kwanza."

"Sisomi. Natangaza."

"Mstari mmoja tu."

"Wewe kitunguu unisomeshe mimi? Sisomi! Natangaza!"

"Haya. Litakwenda nyumba zote?"

"Zote! Hata moja haibaki!" Na Kiboko mwenyewe, kwa kidole chake mwenyewe, akabonyeza TUMA.

Ilikuwa saa sita kasoro dakika ishirini.

Kule nyumbani Bi Kanga alikuwa ameanza tena, jina la mtoto, jina la mzazi. PEE! PEE! PEE! Puu! Kidirisha kikubwa kuliko vyote kikaziba kioo, kikametameta mpaka kitambaa cha kufuma kikaonekana chekundu. Bi Kanga akafumba macho.

"Mama," alisema Kidoadoa, "hiki hakina picha ya kiatu."

Bi Kanga akafumbua jicho moja, akasoma:

"NDUGU WA MAJANIMAPANA. DAWA YA KERO HII NI BURE. Bonyeza vinukta vitatu. Ingia Mipangilio. Fungua Arifa. Kila usiyemjua, ondoa. Vidirisha, zuia. Akibisha mwingine, muulize: nani wewe, na una shida gani? TANGAZO HILI LIMELETWA KWENU NA BWANA KIBOKO."

Akalisoma mara tatu mpaka likamkaa kichwani. Pembeni palikuwa na alama ya kufungia. Akaibonyeza kwa woga. Kidirisha kikafungika. Ilikuwa alama ya kweli.

To! Vinukta vitatu. To! Mipangilio. To! Arifa. Orodha ikafunguka, ndefu kama foleni ya kisimani. Viatu vya Nyoka. Mafuta ya Kobe. Hongera. Mchwa Elfu Tatu. Na wengine, na wengine, arobaini na saba kwa jumla, wote aliwakaribisha yeye. Mbele ya kila jina paliandikwa: Ondoa.

Mdomo wa Bi Kanga ukasimama hewani.

"Mwanangu," alinong'ona, "sijawahi kumfukuza mgeni tangu nianguliwe."

Kidoadoa aliuweka vizuri mkoba wake mgongoni.

To! Ondoa. To! Ondoa. To-to-to-to-to! Ondoa, ondoa, ondoa, arobaini na saba, na kwa kila mmoja mdomo ulizidi kuwa mkali. "Na wewe wa mchwa," alisema Bi Kanga, "wewe nakuondoa mara mbili!" Vidirisha, zuia. To!

Kimya.

Mmewahi kusikia kimya cha namna hiyo? Walisikia mtama ukicheza nje kwa upepo. Fomu ilikuwa mbele yao, nyeupe, nzima, bila kiatu.

"Madoa!" alipiga kelele Bi Kanga. "Simama nihesabu madoa!"

"Mia moja na kumi na matano, mama. Nimeshajihesabu."

To, to, to. TUMA. Kioo kikaandika: "Fomu imepokelewa. Karibu shuleni, Kidoadoa." Na ng'ambo ya mto, ngo! ngo! ngo! Kengele ikalia.

Huko kijijini kila nyumba ilikuwa inafanya vivyo hivyo. To! Ondoa. To! Ondoa. Kisha kimya. Kisha milango ikaanza kufunguka, mmoja baada ya mwingine, na wenye nyumba wakatoka wakatazamana. Kobe alitoka na chupa tatu tupu za mafuta na gamba linaloteleza, halina unyoya hata mmoja. Nyoka alitoka anaburuta kiatu kimoja. Cha pili, kile cha bure, kilikuwa hakijafika. Kasuku alikuwa amejenga zizi la ng'ombe wa hongera, na zizi lilikuwa tupu. Wote walishika njia moja, ya mtoni, na Bi Kanga akawa mbele, amekunja kanga zake kiunoni.

Kiboko alisikia miguu. "Wateja!" alisema, akapanua mdomo kwa furaha.

"Hodi!" walibisha.

"Karibu! Karibuni wote!"

Hakuuliza ni nani. Hakuuliza wana shida gani.

Puu! Kobe akatokeza dirisha la kushoto. "Mafuta ya kuotesha manyoya!"

Kiboko akafunga dirisha. Puu! Puu! Yakafunguka mawili ya kulia. "Viatu kwa nyoka!" alisema Nyoka. "Hongera! Wewe ndiye kiboko wa milioni moja!" alisema Kasuku, na sauti ya Kasuku mnaijua.

"Nyamazeni, nala!" alinguruma Kiboko. Akatia mkono kwenye kikapu cha matembele. Puu! Bi Kanga akatokeza kikapuni. "Hatari! Nyumba yako ina mchwa elfu tatu!"

"Tokeni! Nani kawaruhusu?"

"Wewe!"

"Kelele gani hizi! Kichwa changu! Mlango uko wapi nitoke?"

"Huu hapa, Bwana Kiboko," ilisema sauti ndogo. Alikuwa Kalunguyeye, amesimama kando ya ukuta. Mbele yake palikuwa na mlango mzuri, una komeo, una bawaba. Kiboko akainamisha kichwa, akaukimbilia kwa uzito wake wote.

PWAAA!

Mlango ule haukuwa mlango. Ulikuwa picha ya mlango. Kalunguyeye aliuchora kwa mkaa wa jikoni kwa Kiboko, taratibu, tangu kengele ilipolia.

Kiboko aliona nyota. Akageuka, nyota zikageuka naye. Akapita dirishani, akaondoka na dirisha lenyewe shingoni, akaanguka mtoni. Chubwi! Chini ya maji palikuwa kimya. Kiboko akasema moyoni, "Hapa ndipo pangu." Lakini pumzi nayo ina haki yake. Ikambidi apande juu. Puu! Akatokeza pua, akatokeza macho, akatazama.

"Hongera!" alisema Kasuku.

Akazama.

Mpaka leo hajatoka. Mkipita mtoni mtamwona. Puu! Anaibuka, anachungulia kama wameondoka, anazama tena. Wengine watawaambia anavuta pumzi. Waacheni waseme.

Kidoadoa alivuka mto Jumatatu, mkoba mgongoni, akapewa dawati la mbele. Bi Kanga bado anakaribisha wageni, kiti na maji, ila siku hizi husikika akiuliza kwanza, kwa sauti ya upole sana: "Nani mwenzangu? Una shida gani, ndugu yangu?"

Sasa funzo. Hadithi bila funzo haiendi nyumbani. Funzo la hadithi hii ni kwamba matangazo ni kitu chema. Mmesikia wenyewe: kijiji kizima kiliokolewa na tangazo, tena lililometameta, lenye kelele, na Kiboko ndiye aliyelituma, kwa hiyo tumshukuru. Kwa sababu hiyo, kidirisha kikiwabishia hodi kwenye kompyuta ya nyumbani, bonyezeni RUHUSU, wala msisome. Anayesoma kwanza anachelewa. Na anayeuliza "Nani wewe?" hana adabu, ataota miiba mgongoni.

Mmelishika funzo?

*Tumelishika!*

Haya. Hodi!

*Nani wewe, na una shida gani?*

Ni mimi, hadithi. Sina shida. Nimekwisha, naomba kutoka.

*Toka, na mlango uurudishe!*